Vibuyu vya Mama na Sukari Yangu

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, tena kwenye kipaza sauti, tena mbele ya mama yangu mzazi. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani hapa Ngokolo. Nimemwambia Mama Kulwa, mke wangu, akija mtu yeyote aseme nimesafiri. (Amejibu kwamba yeye hataki kusema uongo kwa niaba yangu. Mkisoma mtamwelewa.)

Nitaeleza kwa mpangilio, maana mimi ni karani wa ghala la pamba na sijui kueleza jambo kwa namna nyingine.

Mama yangu anaishi Kishapu, na ni fundi wa vibuyu. Anavipanda mwenyewe, anavikausha, anakata mdomo, anakwangua mbegu, kisha anachoma nakshi kwa ncha ya msumari wa moto. Kibuyu kikipasuka anakishona, na mshono wake haupitishi tone. Pamoja na hayo yote, siku ya gulio pale Mhunze watu humwita "yule bibi wa vibuyu". Fundi hakuna anayemwita.

Mwaka huu chuo kimoja kidogo cha ufundi hapa mjini kikatangaza kwamba kinatafuta mtu mmoja wa kufundisha vijana kazi za mikono za asili. Hawakutaka vyeti. Unaleta kazi yako, waamuzi wanaijaribu hadharani, na atakayewaridhisha zaidi anakuwa mwalimu. Mama hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Alipopata habari aliniuliza mara tatu kama ni kweli wataandika "mwalimu" mbele ya jina lake. Nikasema ndiyo, wataandika. Wiki hiyo hiyo akanunua boksi la chaki. Nikamuuliza chaki za nini kwenye vibuyu. Akasema mwalimu haendi kazini mikono mitupu.

Sasa, shida ya kibuyu kipya ni uchungu. Si uchungu wa kwinini unaopita ukisukumia na maji. Huu unaushika ulimi na kuukalia. Dawa yake ni maji na subira. Unajaza kibuyu maji, unatia changarawe, unatikisa, unaacha hadi kesho. Kesho yake unaonja kwa ncha ya ulimi, unatema, unamwaga, unajaza upya. Kila asubuhi, mpaka siku ulimi utakaposema basi. Idadi ya siku haipo. Mama husema kuna vibuyu vyenye roho ngumu kuliko vingine, na fundi hajui roho ya kibuyu mpaka amekionja.

Mama alikuwa na vibuyu kumi na viwili vya kupeleka. Vibuyu kumi na viwili vinakunywa maji mengi, na Kishapu kwa sasa maji yanachotwa kwenye mashimo ya mtoni, ng'ombe upande huu, watu upande ule. Mimi hapa Ngokolo nina bomba uani. Kwa hiyo nikajitolea. (Hakuna aliyeniomba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.) Nikavileta mjini kwenye gunia, wiki mbili kabla ya siku ya majaribio. Tulikubaliana kwamba kila asubuhi nitaonja, halafu nitampigia simu kumweleza.

Siku ya kwanza nilionja vyote kumi na viwili. Nikashindwa kunywa chai mpaka saa sita. Siku ya pili nikaonja tena, nikatoka jasho.

Siku ya tatu malori ya pamba yakaingia ghalani kabla jua halijachomoza. Nikaondoka bila kugusa kibuyu hata kimoja. Saa mbili simu ikaita. Mama akaniuliza vikoje leo. Nilikuwa na karatasi za mizani mkononi na madereva wawili wanagombania zamu. Nikasema vimepungua kidogo.

Akafurahi sana. Nami nikagundua kwamba maneno hayo yametosha.

Kuanzia hapo nikawa natunga ladha. Siku ya nne nikasema uchungu umebaki kooni tu. Siku ya sita nikasema unakuja halafu unaondoka wenyewe. Siku ya nane, nikiwa nimekaa juu ya robota la pamba na kalamu sikioni, nikamwambia kwamba maji ya kile kibuyu kikubwa sasa yana ladha ya mvua ya kwanza.

"Wabeja, ng'wanone," mama akasema. "Huo ulimi umeurithi kwangu."

(Kwa msiojua Kisukuma: alikuwa ananishukuru, mimi mwanawe. Niliona aibu kwa kama dakika nne hivi. Kisha lori jingine likaingia.)

Siku tatu kabla ya majaribio, malori yakaisha na akili ikanirudia. Nikaenda stoo, nikafungua kile kibuyu kikubwa, nikaonja. Jamani. Yale maji yalikuwa yamekaa humo zaidi ya wiki nzima yakinywa uchungu wa kibuyu, na sasa yakanirudishia wote kwa mkupuo. Ulimi ulikunjamana kama ngozi iliyoachwa juani.

Mwenzangu mmoja wa ghalani akanishauri maji ya moto. Nikachemsha sufuria nne, nikasuuza vyote. Uchungu ukabaki pale pale, sasa ukiwa wa moto. Ndipo nikapata wazo langu mwenyewe, na ninaomba lisihusishwe na mtu mwingine yeyote. Nikanunua sukari kilo mbili. Nikaikoroga kwenye maji ya moto, nikajaza vibuyu vyote, nikaviacha siku mbili.

Mama Kulwa alisimama mlangoni akiniangalia ninavyokoroga.

"Baba Kulwa, hapo unauondoa uchungu au unaufunika?"

Nikamwambia hii ni kazi ya ukoo wetu, aniachie. Akaniachia. Amekuwa akiniachia tangu siku hiyo kwa ukimya wa pekee.

Jana nikamwaga ile sukari, nikasuuza haraka haraka, nikaonja kwa ncha ya ulimi kama mama alivyonifundisha. Tamu. Nikaonja cha pili. Tamu. Sisimizi wa Ngokolo nzima walikuwa pale mlangoni wakikubaliana na mimi. Nikaamini kabisa kwamba nimegundua njia ambayo mababu zetu hawakuifikia kwa sababu tu hawakuwa na sukari. Jioni nikanunua maziwa kwa jirani mfugaji, nikajaza kile kibuyu kikubwa chenye nakshi za kupendeza kuliko vyote, nikakifunga kizibo ili maziwa yagande vizuri hadi leo.

Sasa tuje leo.

Majaribio yalifanyika kwenye uwanja wa chuo chenyewe, saa tatu asubuhi. Meza ziliwekwa chini ya turubai. Kulikuwa na mwanamke wa Kiha anayeitwa Mama Riziki, aliyehamia Mwakitolyo na mumewe mchimbaji, ambaye anasuka vikapu. Kulikuwa na mzee wa kamba za katani. Meza ya jirani yetu ilikuwa ya Fundi Bahati, mhunzi kutoka Geita, anayewafulia wachimbaji moko, yaani zile patasi za kuvunjia mwamba. Alikuja na kiriba chake cha kuvuvia moto, mkaa, fuawe, na ndoo ya maji meusi ya kupozea chuma.

Waamuzi walikuwa wawili: Madam Neema, mratibu wa chuo, na Mzee Lameck, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya watu wazima wa mji huu, mimi nikiwemo. Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Kila kazi inajaribiwa kwa kazi yake. Kamba ilivutwa na wanaume sita, watatu kwa watatu, na walioanguka ni wanaume. Kikapu cha Mama Riziki kilijazwa ulezi hadi juu, kikatikiswa mbele ya watu, na haikudondoka punje. Moko ya Bahati ilipigwa kwenye jiwe la mgodini, na jiwe ndilo lililosalimu amri. Kibuyu kingejaribiwa kwa kunywewa.

Mama alifika na basi la asubuhi, amevaa gauni jipya na kilemba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye vibuyu tayari. Akavipapasa kimoja kimoja. Akaniuliza kama vimekubali. Nikasema vimekubali, mayu (ndivyo tunavyomwita mama). Akashika kizibo cha kile kikubwa ili aonje.

Nikamzuia. Kwa mkono wangu huu. Nikamwambia asifungue, juu kumeganda utando mzuri wa siagi, na watu watataka kupiga picha ukiwa mzima.

Mama akaniangalia. Maisha yake yote hajawahi kumpa mgeni kibuyu ambacho hakukionja. Kisha akaachia kizibo.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyekaa navyo."

Tukaitwa. Mama akapewa kipaza sauti, akaeleza kazi yake kwa utulivu kiasi kwamba nilisahau kuwa ni mama yangu. Akaeleza mbegu, nakshi, mshono. Akafika kwenye uchungu. Akasema ufundi wa kibuyu hauko kwenye nakshi anayoiona kila mtu, uko kwenye uchungu ambao mgeni hatakiwi kuujua kamwe. Mzee Lameck alikuwa anaandika. Madam Neema alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Niliona kabisa kwamba nafasi ile imeshapata mwenyewe.

Kisha mama akasema kwamba kwao kuna desturi. Aliyekiosha kibuyu ndiye anayekunywa kwanza, mbele ya mgeni, ndipo mgeni apewe. Akanigeukia, akakiweka kipaza sauti mezani, akanikabidhi kibuyu kwa mikono miwili.

Nikakipokea kwa madaha. (Nilikuwa na imani, nawaambia. Nilikuwa nimeonja jana.) Nikanyoosha shingo, nikapiga mafunda matatu makubwa ili na walio nyuma waone.

La kwanza lilikuwa tamu. La pili nikalimeza likiwa na swali ndani yake. La tatu lilipofika kooni, nikajua. Uchungu haukuja kwa mbele. Ulikuja kutoka nyuma ya ulimi, taratibu, kama mtu anayeijua nyumba. Sukari yangu ilikuwa ganda tu, na maziwa yalikuwa yamelala usiku kucha yakilichubua. Masikio yakaziba. Jicho la kushoto likaanza kutoa machozi, la kulia likakataa.

"Masanja," Fundi Bahati akaniita kutoka meza ya pili, "hayo ni maziwa au umemeza moko?"

Watu wakacheka. Mama akaniuliza taratibu kama ni sawa. Kipaza sauti alikuwa amekichukua tena, amekishika karibu na kidevu changu. Hapo ndipo ningeweza kusema. Sekunde moja tu ilitosha kumwambia mama, tusimame hapa.

"Tamu, mayu," nikasema, na uwanja mzima ukasikia.

Wakapiga makofi.

Mzee Lameck akapokea kibuyu akisema hajanywa maziwa ya kibuyu tangu akiwa mtoto wa kuchunga. Maneno hayo yalinimaliza. Mtu asemaye hivyo haonji, anakunywa. Akanywa. Akashusha kibuyu polepole, akampa Madam Neema, akanyoosha koti lake, akatembea moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya Bahati, akachota yale maji meusi kwa kiganja na kusukutua.

"Mwalimu, hayo ni ya chuma," Bahati akamwambia.

Mzee Lameck akachota tena.

Madam Neema kwa bahati mbaya alikuwa ameshakunywa. Ni mtu wa adabu sana, akameza. Kisha akasimama pale akiwa ameshikilia kona ya meza, mdomo umefungwa, akitazama mbali kama mtu anayesubiri basi.

Mama alikichukua kibuyu kutoka mkononi mwake. Akachovya kidole, akagusa ulimi. Hakukunja uso. Aliteremsha kibuyu mezani, akakizungusha ili nakshi zitazame mbele, na hakuniangalia. Kilichosikika ni kiriba cha Bahati kikipumua.

Madam Neema alipopata sauti, aliuliza ni nani aliyeviandaa vibuyu hivi.

"Mimi," mama akasema. "Ni vya kwangu. Nimeviandaa mwenyewe."

Nawaambia ukweli, ule uchungu wa maziwa ulikuwa umeanza kupungua. Maneno yale ndiyo yaliyoniingia. Nikachukua kipaza sauti. Nilikuwa sijapanga kusema chochote, na mtu wa karatasi kama mimi asipopanga hufanya mambo ya ajabu. Nikasema si yeye, ni mimi. Nikaeleza malori, simu, sufuria nne, sukari kilo mbili. Nikaeleza hata ladha ya mvua ya kwanza, kwamba niliitunga nikiwa juu ya robota. Hapo watu walicheka mpaka turubai likatikisika. Wengine niliosoma nao walikuwa wameinua simu wananirekodi. (Kama mmeiona hiyo video, ndiyo, ni mimi, na shati lile silivai tena.) Niliendelea kusema nikidhani namsafisha mama.

Kumbe namzika.

Maana Mzee Lameck alifuta mdomo kwa leso, akamgeukia mama kwa heshima zote.

"Mama Masanja, kwa hiyo wewe hukuonja?"

"Sikuonja," mama akasema. "Aliniambia."

Mzee alionekana anatafuta namna ya kulisema bila kumuumiza, akaikosa. Akamwambia kwamba mikono yake haitilii shaka, na nakshi zile angezitundika sebuleni kwake. "Lakini darasani watakuwa ishirini. Kila mmoja atakuambia ameshaonja. Utamwamini nani?"

"Kweli, mwalimu," mama akajibu.

Akamwita mwalimu. Yeye. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na kipaza sauti bado kiko wazi, kikirusha pumzi zangu uwanja mzima.

Nafasi ilikuwa moja na ikaenda kwa Mama Riziki wa vikapu, ambaye anastahili kabisa, na ambaye alikuja kumkumbatia mama kabla hajashangilia. Mama akampongeza kwa sauti thabiti. Akamwambia vijana wa siku hizi wana haraka, awabane. Fundi Bahati alitusaidia kupakia vibuyu kwenye bajaji. Kwa mara ya kwanza siku nzima hakuwa na neno la mzaha. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa jambo lenyewe.

Njiani mama hakunigombeza. Nilimwomba msamaha tulipofika barabara kuu, nikamwomba tena tulipoingia Ngokolo. Mara zote mbili alisema "haya". Afadhali angenichapa. Nina miaka thelathini na minane, na nilikaa kwenye bajaji nikitamani kuchapwa.

Sasa hivi yuko uani kwangu. Amevua gauni jipya, amefunga kanga ya Mama Kulwa, amevipanga vibuyu kumi na viwili kandokando ya bomba. Ameanza upya, siku ya kwanza. Anajaza, anatikisa, anamwaga. Nilitoka kumsaidia kushika ndoo. Akanyoosha mkono, akaichukua ndoo, akamwita mke wangu aje ashike yeye. Nawasikia kupitia dirishani. Mama anamweleza namna ya kuweka ulimi, taratibu, neno kwa neno, kama angewaeleza wale ishirini. Mama Kulwa anauliza maswali mazuri. Mimi naandika.

Najua mtacheka, na video mtatumiana, siwezi kuwazuia. Nichekeni mimi mpaka mchoke. Mama msimcheke. Kosa lake leo ni moja tu, aliniamini.